Delmar Hanywi Vidonge

Delmar Ostby alikuwa na dharau ya kutosha kulisha kaunti nzima, na bado ingebaki ya kuweka kwenye friza. Aliwadharau madaktari kwa sababu mikono yao ni laini. Aliwadharau watu wa mjini waliokuja kuwinda kulungu na nguo ambazo kibandiko cha bei kilikuwa bado kinaning'inia mgongoni. Aliwadharau wale wazee wa kwenye televisheni, wenye meno meupe kama sinki jipya, ambao kila vuli walitabasamu na kuwahimiza wazee wenzao wapige simu sasa hivi wajiunge na bima. Lakini dharau iliyonona kuliko zote aliwawekea wanywa vidonge.

Mkewe, Arlys, alikuwa mnywa vidonge. Viwili asubuhi, kimoja jioni, vya presha na vya mafuta ya damu. Kila Jumapili baada ya kanisa alikaa mezani akajaza kisanduku chake cha plastiki chenye vyumba saba, na kila Jumapili Delmar alipita nyuma ya kiti chake akasema, "Mama, peremende zimefika?"

Miaka miwili maneno yale yale. Arlys aliacha kujibu zamani. Alikuwa amepika miaka ishirini na sita katika jiko la shule ya msingi, na huko alijifunza kwamba mtoto anayetafuta kutazamwa hapewi uso, anapewa mgongo.

Mwezi wa Agosti Delmar alitimiza miaka sitini na mitano, na barua zikaanza kumiminika. Bima ya hospitali na ya daktari aliipokea, maana hiyo ilikuja yenyewe pamoja na pensheni yake ya serikali, bila kumuuliza. Ile ya dawa ilikuwa shauri lingine. Ile ilimtaka aende mwenyewe, achague, ajiandikishe. Delmar hakuwa mtu wa kwenda kuomba. Barua zote za dawa alizipeleka gereji akawashia jiko la kuni.

"Hii imewaka vizuri kuliko ya jana," alisema asubuhi moja akiingia jikoni, anakung'uta majivu. "Serikali wanatumia karatasi nzuri siku hizi."

"Umeisoma?"

"Nisome nini? Sinywi vidonge. Mtu asiyefuga ng'ombe hanunui majani."

Arlys alimtazama. Miaka arobaini na moja ya ndoa, na bado mwanaume huyu alidhani kusema jambo kwa sauti ni sawa na kulijua.

Asubuhi za Delmar zilikuwa kwenye duka la vyakula vya mifugo, ambako nyuma, karibu na magunia, paliwekwa meza ndefu na birika la kahawa. Wazee walikaa hapo kuanzia saa mbili hadi saa nne wakiitengeneza dunia. Kahawa haikulipwa na kila mtu. Walitikisa dadu katika kikombe cha ngozi, na aliyeshindwa aliwanywesha wote. Desturi hiyo ilikuwapo kabla ya wengi wao kuzaliwa, na hapakuwa na kitu walichokiheshimu zaidi, pengine hata kanisa.

Jumatatu moja, katikati ya Novemba, Arlys aliingia dukani humo kununua mbegu za ndege. Alikuwa nyuma ya rafu, hawakumwona.

"Nimeshajiandikisha dawa," alikuwa akisema Wendel Kubiak, jirani yao wa upande wa mtoni, mtu mnene, mpole, mwenye moyo mbovu. "Nilienda kaunti, kwa yule Bi Lor. Nikampelekea chupa zangu zote kwenye boksi la viatu, akazipitia moja moja."

"Boksi la viatu!" Delmar alipiga meza. "Mwanaume mzima, umebeba boksi lako mbele ya watu kama bibi harusi na keki!"

Meza nzima ikacheka. Wendel naye akacheka.

"Cheka tu, bwana. Moyo wangu siku hizi unapiga sawasawa."

"Mimi koo likiniuma nachukua sindano ya ng'ombe kwenye friji la zizini. Mpaka leo niko hai."

"Ndiyo maana unanuka hivyo."

Wakacheka tena. Delmar alingoja kicheko kiishe. "Sikilizeni. Siku nikiumwa, siku hiyo nitajiandikisha. Mbona rahisi."

"Haiendi hivyo, Delmar," Wendel alisema. "Mlango unafungwa tarehe saba Desemba. Ukiumwa Februari, utakaa na ugonjwa wako mpaka Januari ya mwaka mwingine. Tena utaongezewa malipo kwa kila mwezi uliochelewa, na hiyo nyongeza haikuachi mpaka kaburini."

"Huyo Bi Lor amekukaririsha vizuri."

"Amenieleza. Ni binti mwema."

"Basi dadu ziamue." Delmar akakivuta kikombe cha ngozi. "Zikitoka sita zote, kesho mtaniona na boksi la viatu. La sivyo, nisisikie tena habari za vidonge kwenye meza hii."

Akatikisa, akamwaga. Dadu hazikukaa mezani. Zilirukia ukingoni, zikadondoka sakafuni, moja ikabingirika hadi chini ya magunia. Wazee wakaangua kicheko, wakasema Delmar ameshaanza kulewa asubuhi. Wendel peke yake hakucheka. Alipiga magoti kwa shida, tumbo lake lote lile, akaziokota, akaziweka karibu kabisa na mkono wa Delmar. Kisha akasema ni zamu yake yeye kulipa.

Delmar aliuingiza mkono ule mfukoni.

Arlys aliona yote hayo kupitia katikati ya mifuko ya mbegu. Akarudi nyumbani na mbegu zake, amejaa dharau mpaka kooni. Kuamua jambo la afya kwa dadu! Akajisemea: sikio la kufa halisikii dawa. Wacha afunge huo mlango kwa mkono wake mwenyewe. Siku akiuhitaji, atasimama nje kwenye theluji na maneno yake ya mezani yatamfunika.

Hata hivyo, wiki iliyofuata alipokwenda kwa Bi Lor kukagua mpango wake mwenyewe wa dawa, alimuuliza kama mke anaweza kumwandikisha mume.

Pa Houa Lor alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye koti kubwa la sufu alilovaa hata ndani ya ofisi, maana chumba walichompa kilikuwa karibu na mlango. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia wazee wa kaunti bure. Wazee wengine walikuja hawajui hata jina la dawa wanayokunywa, na yeye alizitambua kwa rangi.

"Siwezi kumwandikisha mtu asiyetaka, mama," alisema. "Sahihi lazima iwe yake. Lakini tarehe saba ni Ijumaa. Nitakuwa hapa mpaka saa kumi na nusu jioni. Wagumu wengi huja siku ya mwisho."

"Huyu wangu siyo mgumu. Ni mjinga."

Bi Lor akatabasamu. "Hao pia huja."

Arlys hakumwambia Delmar kitu. Alikuwa ameshaamua kumwachia fahari yake aitafune. Alihesabu siku, na kila siku iliyopita ilimpa kijiraha kidogo, na kijiraha hicho hakukionea aibu. Jumatatu. Jumanne. Jumatano Delmar alisema kwamba Wendel amepewa dawa mpya, sasa ana vidonge tisa, "akitembea analia kama kijaluba cha mbegu," na Arlys akageuza mkate kwenye kikaango, akasema moyoni: siku mbili.

Alhamisi alishuka kwenye chumba cha chini ya nyumba kutoa nyama ya Jumapili.

Friza la familia lilikuwa himaya ya Delmar. Kila mwaka, msimu wa kuwinda ukiisha, alikata kulungu wake mwenyewe juu ya meza ya gereji, akafunga kila kipande katika karatasi nyeupe, na akaandika juu yake kwa kalamu ya wino mzito: ni sehemu gani ya mnyama, siku gani, amepigwa wapi. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuandika. Arlys aliwahi kusaidia mwaka mmoja, akaandika "nyama" juu ya kila kifurushi, na kosa hilo alikuwa bado anasimuliwa Krismasi mbele ya watoto.

Aliinamia ndani ya friza. Vifurushi vya mwaka huu vilikuwa juu. Akataka paja. Akachukua kimoja, hakuweza kukisoma. Akadhani ni miwani. Akakisogeza kwenye taa. Maandishi yalikuwa madogo, yanaanza madogo na kuendelea kupungua, herufi zimesongamana kama sisimizi wanaokimbilia ukingo wa karatasi.

Akachukua cha pili. Vilevile. Cha tatu.

Akachimba chini, kwenye vifurushi vya mwaka jana. Pale maandishi yalikuwa makubwa kidogo. Chini kabisa, chini ya kitoweo ambacho wangepaswa kukitupa, alikuta bega la kulungu la miaka mitatu nyuma. BEGA, liliandikwa, kwa herufi ndefu kama kidole, zilizosimama wima, kwa ubishi ule ule wa mtu aliyeziandika.

Arlys aligeuza ndoo, akakaa juu yake, vifurushi vitatu mapajani. Baridi ilipenya sketi yake, hakusogea.

Mtu wa kwanza kumjia akilini alikuwa Palmer, baba yake Delmar. Palmer alikuwa akiwapelekea wajukuu kadi za siku ya kuzaliwa, na kila mwaka maneno yalikuwa madogo zaidi, mpaka watoto wakaleta kioo cha kukuzia wakafanya mchezo. Hakuna aliyejua kwamba huo ulikuwa ugonjwa wa kutetemeka umeshabisha hodi. Baadaye mkono ukaanza kutetemeka, akaanza kuburuta miguu, uso ukakauka. Dawa zilikuwapo. Zilikuwa zinamsaidia akizipata kwa saa zake. Chupa zilijipanga dirishani pa jikoni. Na aliyempa, kila baada ya saa nne, aliyemlisha supu kwa kijiko na kumfuta kidevu kwa miaka minne bila kumwambia mtu yeyote kwenye meza ya kahawa, alikuwa Delmar.

Kwa hiyo Delmar alijua. Hakuna mtu katika kaunti yote aliyejua vizuri kuliko yeye.

Na yeye Arlys, aliyeona kila kitu, aliyeona mpaka doa kwenye kola, siku ile nyuma ya mbegu za ndege aliona mjinga anamwaga dadu. Wendel ndiye aliyeona mkono.

Asubuhi ya Ijumaa, Delmar aliposhuka kwa kifungua kinywa, hakukuta mayai mahali pake. Alikuta vifurushi vitatu, vimepangwa kutoka chenye maandishi makubwa hadi chenye madogo, vinaanza kutoa jasho juu ya kitambaa cha meza.

Alisimama akavitazama.

"Unayeyusha nyama nzuri," alisema.

"Kaa."

"Kalamu ni mbovu. Nimekuwa nikisema tununue nyingine."

"Nilinunua Oktoba. Kaa chini, Delmar."

Akakaa. Mkono wa kulia ulikuwa chini ya meza. Nje, gari la kukwangua theluji lilipita, vyombo vikalia kabatini.

"Tangu lini?" Arlys aliuliza.

"Tangu theluji ya mwaka jana iyeyuke."

"Na ukaamua kuchoma barua."

Delmar alisogeza kikombe cha kahawa kwa mkono wa kushoto.

"Wendel anajua?"

"Wendel hajui kitu. Wendel ni mpumbavu."

"Huyo mpumbavu amekuokotea dadu mara ngapi?"

Delmar alikisogeza kile kifurushi chenye maandishi madogo kwa kidole, akakigeuza ili maandishi yatazame chini. "Nikishaandika jina langu kule," alisema taratibu, "nitakuwa baba yangu. Chupa dirishani na kila kitu. Nisipoandika, bado ni mkono tu."

Arlys alikuwa amekesha akitunga maneno ya kumchoma nayo, na mengi yalikuwa mazuri. Akayaacha. Alichukua mayai, akavunja mawili kwenye kikaango, kisha akaongeza la tatu, ambalo daktari wake yeye angelikataza.

"Palmer hakuuawa na vidonge," alisema akimpa mgongo. "Vidonge ndivyo vilivyomwezesha kukushika mkono siku ya harusi ya binti yetu Karna. Ulilia. Ulisema ni vumbi."

"Lilikuwa vumbi."

"Kanisani?"

Mayai yalilia kwenye mafuta.

"Ofisi inafungwa saa kumi na nusu," Arlys alisema.

"Ijumaa samaki wa kukaanga kule mgahawani wanaanza saa kumi."

"Watatungoja. Wameshakufa."

Walifika saa tisa. Chumba cha kungojea kilijaa watu, na Delmar aliwatazama mmoja mmoja kwa jicho lile lile la siku zote: bibi aliyebeba vidonge kwenye mfuko wa mkate, mzee mwenye boksi la viatu lililofungwa kwa kamba, mwanaume aliyevaa kofia ya timu, chupa zake zimejaa ndani ya soksi.

"Soksi," Delmar alinong'ona. "Yesu wangu."

"Wewe umekuja mikono mitupu siku ya mwisho," Arlys alinong'ona. "Mwenye soksi amekuzidi akili."

Zamu yao ilifika saa kumi na dakika tano. Bi Lor alikuwa na macho mekundu ya uchovu, na kwenye meza yake palikuwa na sandwichi iliyoumwa mara moja tu. Alimkaribisha Delmar kana kwamba ndiye mtu wa kwanza wa siku.

"Dawa unazotumia, Bwana Ostby?"

"Hakuna."

"Hakuna kwa leo," alisema, akaandika. "Duka la dawa?"

"Sijawahi kuingia. Hilo la karibu na benki."

Bi Lor alibofya, akasoma. "Mpango wa bei ya chini kabisa ni huu. Kwa mwezi haufiki sahani moja ya samaki."

"Huo huo. Nipe."

Arlys alifungua mdomo. Delmar akamtangulia.

"Ngoja kwanza." Alikuwa anatazama kalenda ukutani. "Kuna rafiki yangu. Mkono wake unatetemeka. Anaandika kidogo kidogo. Bado hajaenda popote. Kama yeye... Huo wa bei ya chini ungemfaa yeye?"

Bi Lor hakuutazama mkono wowote. Alivuta kiti karibu na kompyuta.

"Rafiki yako anatumia duka gani la dawa?"

"Hilo hilo."

"Hebu tumtazamie rafiki yako." Akaandika majina ya dawa mbili tatu, bila kuangalia popote, maana alizijua kwa moyo. "Ule wa bei ya chini hauzilipii vizuri. Huu wa pili unazilipia. Mwezi atatoa zaidi kidogo, lakini akianza dawa hataumia. Mimi, angekuwa baba yangu, ningempa huu."

"Na wakijua anaumwa, si watamkataa?"

"Hawaruhusiwi. Akijiandikisha leo, Januari mosi ameingia. Akija kesho, itabidi asubiri mwaka."

"Ni mkaidi sana huyo rafiki yangu."

"Na baba yangu pia. Mwambie asingoje kwenda kwa daktari."

Delmar alisafisha koo. "Basi mimi nichukulie huo wa rafiki. Nisije nikaonekana bahili kuliko yeye."

Bi Lor alitoa karatasi akamwelekezea mahali pa sahihi. Delmar akautoa mkono mfukoni, akashika kalamu, na kalamu ikaanza kugonga meza. Bi Lor, akizungumza na Arlys habari za barabara kuu na theluji inayokuja, aliweka kiganja chake juu ya pembe ya karatasi na kuikandamiza, kana kwamba upepo wa mlangoni ungeipeperusha. Hakuna upepo uliokuwapo. Delmar aliandika jina lake polepole, dogo sana, lakini lote.

Saa kumi na dakika ishirini na mbili.

Walikula samaki kwa kuchelewa. Wendel alikuwa tayari mezani, ametandaza leso kifuani.

"Mmetoka wapi nyinyi?"

"Nilimpeleka mama akachukue peremende zake," Delmar alisema.

Wendel alimtazama Arlys, kisha akamtazama Delmar. Akasema, "Afadhali," akawasogezea kapu la mkate. Delmar akaanza palepale kuwasimulia watu kuhusu mwanaume mwenye soksi, na aliisimulia vibaya, kwa dharau yake yote, na Arlys alitafuna samaki wake akimwona Delmar mwongo, mwenye majivuno, asiye na haya. Alimwona vizuri mno. Alimpa kipande chake cha ndimu.

Jumamosi asubuhi lilikuwa limebaki paja moja gereji, likining'inia kwenye baridi. Delmar alilikata, Arlys akashika karatasi. Kifurushi cha kwanza kilipofungwa, Delmar alichukua kalamu ya wino mzito, akaitazama, akaiweka mbele ya mkewe.

"Andika wewe."

Arlys aliifungua kalamu.

"Na uandike ipasavyo," Delmar alisema. "Siyo 'nyama' tu, kama tunafuga paka. Paja. Tarehe. Nyuma ya shamba la baba."

Akaandika, kwa herufi ndefu kama kidole, zikajaa upande mzima wa kifurushi.

Delmar aliinama akasoma. "Kubwa mno," alisema. "Unadhani mimi kipofu?"

Kisha akakata kipande kingine, akamshikia karatasi isiteleze.